Fundi wa Chaani na mechi moja iliyobaki

Kabla ya kuifungua kaseti yoyote ya gemu, Salme Abdillahi huinusa kwanza. Anaigeuza, anausogeza puani ule upande wenye meno ya kuchomekea, anavuta pumzi kidogo, kama anavyonusa maziwa kabla ya kuyaweka jikoni. Kisha anatoa hukumu.

"Iliyoungua hujitangaza," anasema. "Iliyomwagikiwa soda nayo hujitangaza. Hii hapa imekunywa chai ya tangawizi, na mwenyewe akija ataapa kwamba hajui lolote."

Ni saa tatu ya asubuhi, Alhamisi, mwezi huu wa Juni 1997, barazani kwake Chaani. Juu ya meza pana mita ya kupimia umeme, bisibisi tatu, kikopo cha spiriti, pamba na televisheni ndogo isiyo na rangi. Kibao cha mlangoni kimeandikwa REDIO, PASI, GEMU. Malori ya makontena yanapopita kuelekea bandari ya Kipevu meza hutetemeka, naye Salme huinua mkono juu, hungoja yapite, kisha huendelea alipoachia. Ana umri wa miaka thelathini na sita na hajui fundi mwingine mwanamke mtaa mzima.

Mteja wa kwanza ni Dishon, kibarua anayepaka grisi kreni za bandarini, mtu wa bara aliyezoea kucheza gemu baada ya shifti. Kaseti yake kaifunga kwa gazeti.

"Fundi, hii kitu imekataa kabisa," anasema. "Inaonyesha kijivu tu."

"Umeipuliza?"

"Nimepuliza mpaka kichwa ikaniuma."

"Basi pole mara mbili. Ya kichwa na ya kaseti."

Karibu kila mwenye mashine ya gemu mjini hapa huamini kwamba dawa ya kaseti ni kuipuliza. Salme amechoka kuwaeleza. "Pumzi ina maji, na hewa yetu hii tayari ina chumvi. Ukipuliza leo itacheza, kesho kutwa meno yameota kutu, halafu unakuja kwangu uso umeukunja kama mimi ndiye niliyekuuzia."

Kusafisha ni shilingi hamsini, kulehemu mia na hamsini. Wiki nzuri huingiza mia tisa. Wiki mbaya hata mia tatu haifiki, na kodi ya vyumba viwili ni mia nane kwa mwezi. Ila kazi haikauki, kwa kuwa kaseti mpya mjini haipungui elfu moja na mia mbili, na wengi wa wateja wake ni vibarua.

Ya Dishon inachukua robo saa. Salme anasugua meno kwa raba ya penseli, anapitisha pamba yenye spiriti, anaichomeka kwenye mashine, na mchezo unafunguka. Dishon anatabasamu, kisha tabasamu linamwishia. Jina lake halimo. Ushindi wake wa miaka minne haumo.

Salme anaichomoa na kuifungua. Juu ya bodi pamekaa kibetri cha mviringo, ukubwa wa sarafu. Anaweka ncha za mita, na mshale hausogei.

"Hiki ndicho kinachokumbuka," anamweleza. "Mchezo wenyewe haupotei, umo ndani ya kile kidude cheusi. Lakini jina ulilojiandikia, na pale ulipofikia, vyote vinashikiliwa na kibetri hiki. Kikifa, vimekwenda."

"Si ni mchezo tu, fundi. Nitaanza upya."

"Uliinunua lini?"

"Tisini na mbili. Kwa baharia."

Salme anamwekea kibetri kipya, anapokea pesa, na Dishon anapoondoka anaitandika khanga juu ya meza. Majirani hawajapata kumwona akifunga kazi kabla ya adhuhuri.

"Yangu nayo ni ya tisini na mbili," anasema.

Kaseti anayoisema si ya mteja. Ni ya mumewe, Idarus Stambuli, fundi umeme wa meli, ambaye hajaonekana Chaani kwa miaka minne na miezi mitatu.

Walioana mwaka 1988. Hawakujaaliwa mtoto. Idarus alikuwa akikaa baharini miezi, kisha akirudi anakaa baraza hiihii na kutengeneza redio za watu hadi meli nyingine imwite. Salme alianza ufundi kwa kumshikia vitu. "Akiniambia, 'Shika risasi ya kulehemia, mimi nishike chuma.' Nikashika miaka mitano. Siku moja akanipa chuma, yeye akashika risasi. Hakusema kitu, nami sikusema."

Mwishoni mwa 1992 alirudi kutoka Dubai na mashine ya gemu na kaseti moja ya mchezo wa mpira. Ndani yake mnakuwa na ligi ya timu nane, na kila timu mnaiandikia jina lisilozidi herufi sita. Idarus aliandika CHAANI. Ya mkewe akaiandika SALME. Kila jioni baada ya isha walicheza mechi moja, wala hawakucheza mbili hata siku moja, ili ligi isiwahi kuisha.

"Mimi mpira nilikuwa siujui," anasema Salme. "Nilikuwa nikimfunga, anasema televisheni ina makosa. Nikafungwa mimi, televisheni ni nzima. Wallahi mwanamume yule alikuwa hakubali."

Machi 1993 ilikuwa imebaki mechi moja. CHAANI pointi ishirini na mbili, SALME ishirini na moja, na mechi yenyewe ni baina yao wawili. Asubuhi ile wakala wa mabaharia akatuma mtu: meli inang'oa nanga alasiri, fundi wao ameugua. Idarus alifunga begi. Mlangoni akasema maneno ambayo Salme ameyarudia mara nyingi hata yameanza kuchakaa kinywani mwake.

"Miezi tisa tu. Usiicheze ile. Nikirudi ndiyo ya kwanza."

Barua zilikuja kutoka Jeddah, kutoka Karachi, kutoka Chittagong. Ya mwisho ni ya Januari 1995. Baada ya hapo wakala alisema meli imeuzwa na kubadilishwa jina, na mabaharia wamegawanywa huku na huku. Kisha wakala naye akahama ofisi. Hakuna aliyeleta habari ya uhai, hakuna aliyeleta habari ya mauti.

Ndugu zake Salme wamemshauri aende kwa kadhi, aeleze kwamba mume amepotea, avunjiwe ndoa, aolewe angali na nguvu. Wanasema kwa mapenzi, na yeye anajua kwamba wanasema kwa mapenzi.

"Sikasiriki nao," anasema. "Lakini nitamwambia nini kadhi? Kwamba nimesahau? Sijasahau. Usiku nikisikia lori likipunguza mwendo hapo nje, moyo bado unaamka."

Kila Idd el-Fitr huitoa kaseti, huichomeka, hutazama ule ukurasa wa ligi, kisha huizima bila kugusa kitu. Mwaka 1994 ilifunguka, 1995 ikafunguka, 1996 ikafunguka. Idd ya mwaka huu, mwezi wa Februari, ikaonyesha kijivu. Salme aliirudisha sandukuni na hakuigusa tena. Za watu anazifungua huku akipiga soga. Hiyo yake, anasema, mkono ulikataa. Alijua kwamba akikosea mara moja tu, yale majina mawili yanafutika, na hapana mahali pengine duniani ambapo Idarus yuko katikati ya jambo, akitarajiwa kulimaliza.

Leo kibetri cha Dishon kimemwonyesha kwamba hata kutoigusa ni kuipoteza.

Sanduku liko chumbani kwa mama mkwe wake, Bi Mwanatumu, mwenye umri wa miaka sabini na mbili, aliyebaki kuishi na mkaza mwanawe badala ya kuhamia kwa binti zake Kisauni. Salme anapotoka na kaseti, mazoea yanamtangulia. Anaisogeza puani. Ananusa. Ananusa tena.

"Mama."

"Abee."

"Hii ulikuwa ukiiweka wapi?"

"Sandukuni, mwanangu. Papo uloniambia. Baina ya kanzu mbili."

"Mbona inanukia udi?"

Bi Mwanatumu anamtazama kama aliyeulizwa kwa nini maji yameroa. "Si nafukiza? Kila Alhamisi tangu atoke. Nguo za mtu alo safarini ziachwe zipate uvundo, akirudi avae nini?"

"Na kaseti nayo?"

"Nayo si yake? Ningeibagua kwa nini? Naipitisha juu ya chetezo, kisha naifunika na nguo ule moshi uingie."

Salme anahesabu kwa vidole, kisha anaacha. Ni Alhamisi zaidi ya mia mbili. Siku ya Idd pua yake isingeweza kumwambia kitu, kwani nyumba nzima hunukia udi siku hiyo. Moshi wa udi na ubani una ulimbo, na ulimbo umeganda juu ya meno tabaka kwa tabaka, tangu mwaka 1993. Anaanza kucheka. Anacheka mpaka anaishika nguzo ya baraza, kisha anajifuta macho kwa ncha ya khanga, na hapo haieleweki tena kama ni kicheko.

"Nimeiharibu?" anauliza Bi Mwanatumu. Mikono yake imekamatana.

"Hujaiharibu, mama. Imeshiba tu."

Anafungua skrubu mbili na kulitenga ganda. Mafundi wa huku wana desturi ya kuandika ndani ya ganda, kwa penseli, herufi za jina na mwezi wa kazi, ili fundi atakayefungua baadaye ajue nani kapita na lini. Salme huandika kwenye kila kaseti. Hii hakuwahi kuifungua, wala hakutarajia kukuta maandishi. Yamo. Ni mwandiko wa kulala upande anaoujua tangu barua za uchumba: I.S. 3/93.

Anakaa kitako. Anaonyesha kwa kidole, na Bi Mwanatumu, ambaye kusoma kwake ni Kurani tu, anangoja aambiwe.

"Alibadilisha betri, mama. Mwezi uleule aliotoka. Risasi hii ni yake, tazama alivyoizidisha upande mmoja. Hakuniambia."

"Basi si vizuri?"

"Mtu wa miezi tisa hana haja ya betri ya miaka mitano."

Bi Mwanatumu anayainamia yale maandishi. Kisha anasema polepole, "Alikuwa akijua atakawia?"

"Sijui. Labda alijua. Labda alikuwa haziamini safari, basi. Huyu alikuwa akitoka hata kwenda sokoni anaacha funguo kwa jirani."

Pembeni mwa kibetri mna vipande viwili vya waya, kimoja chekundu na kimoja cheusi, vifupi kama punje ya mchele, vimelehemiwa na kukatwa. Salme anavitambua mara moja. Idarus alipobadilisha betri ligi ilikuwa tayari imo ndani. Ili isifutike, aliilisha bodi umeme kwa njia ya pembeni wakati anang'oa kile cha zamani. Akaziacha alama zake. Mkewe hana haja ya kubahatisha.

Anapima. Kibetri kizima husoma volti tatu; hiki kinasoma mbili nukta mbili.

"Bado inapumua," anasema. "Twende."

Anafunga mawe mawili ya betri za redio kwa utepe, moja nyuma ya jingine, anaunga nyaya zake kwenye vile vipande viwili. Chuma cha kulehemia cha umeme anakiweka kando, maana huvujisha umeme kidogo, na kidogo hicho kinatosha kufuta kila kitu. Anatumia kile cha zamani cha Idarus, kipande cha shaba chenye mpini wa mbao, kinachopashwa moto katika jiko la makaa. Kikiiva ana nusu dakika ya kufanya kazi kabla hakijapoa.

Upande wa kwanza wa kibetri unaachia vizuri. Anakirudisha chuma motoni, anakitoa, anaugusa upande wa pili, na ndipo lori linapopita.

Meza inatetemeka. Hawezi kuinua mkono. Risasi imekwisha yeyuka. Mawe ya redio yanabingirika kuelekea ukingoni na kuivuta bodi.

"Shika, mama."

Bi Mwanatumu anayaweka chini ya viganja vyote viwili na kuyakandamiza. Midomo yake inasoma dua. Lori linapita, na la pili linafuata nyuma yake. Kibetri kipya kinaingia, risasi inaganda, na Salme anapomwambia aachie, mama hasikii. Anaambiwa mara tatu.

"Ule waya mweusi ulilegea," anasema Salme. "Sijui kama uliachia. Nimeona ukicheza tu."

Yaliyobaki ni kazi ya kawaida. Spiriti inautoa ulimbo kahawia kwenye pamba, pamba ya kwanza, ya pili, hadi ya saba, na baraza inanukia harusi. Karibu na kibetri anakuta njia moja ya shaba imeliwa na kutu ya kijani. Mita inasema imekatika. Anaiunga kwa uzi mmoja mwembamba aliouchomoa kwenye waya wa spika. Anapima tena, inapita. Anaichomeka kaseti kwenye mashine, anaweka kidole kwenye swichi.

Stima haipo. Imepotea mtaa mzima, tangu lini hakuna aliyegundua.

Saa sita, saa saba, saa nane. Wateja wawili wanakuja na kurudishwa. Bi Mwanatumu anapika wali, na hakuna anayekula wa maana. Wanaswali, wanarudi kuketi mkekani mbele ya televisheni iliyozima.

"Na ikiwa imefutika?" anauliza mama mkwe.

"Niliweka ahadi na nafsi yangu pale lori lilipopita. Ikiwa imefutika, nitakwenda kwa kadhi."

Mtu angetarajia kwamba mzee huyu, ambaye mwanawe ndiye anayesemwa, angelalamika. Analivuta buibui lake tu.

"Ukienda nitakusindikiza," anasema. "Hutakwenda peke yako kama usiye na watu. Wewe ni mwanangu, arudi asirudi."

Hapo ndipo Salme analia waziwazi, bila kujificha, na Bi Mwanatumu anampigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto mchanga.

Saa kumi kasoro dakika chache, redio ya jirani inaanza kuimba ghafla. Stima imerudi. Salme anainuka, anabonyeza swichi, anarudi nyuma hatua mbili.

Kijivu. Kisha mstari. Kisha uwanja mdogo, muziki wa matarumbeta ya bati, na ukurasa wa ligi. Timu nane. Juu kabisa CHAANI, ishirini na mbili. Chini yake SALME, ishirini na moja. Mechi iliyobaki ni moja, na pembeni mwa jina la kwanza panawaka na kuzima kialama kidogo, kikimngoja mwenye timu abonyeze.

Bi Mwanatumu anasogea karibu na kioo, ingawa hawezi kuzisoma zile herufi.

"Yu wapi?"

Salme anamwonyesha.

"Huyu anayemetameta?"

"Huyo."

Kabla ya kulifunga ganda Salme alikwisha chukua penseli na kuandika chini ya mstari wa mumewe: S.A. 6/97. Chini yake akaacha nafasi. Betri hii ni ya miaka mitano, anasema, na mwaka wa tano ukikaribia ataibadilisha tena, safari hii kabla haijaugua. Ana mpango wa kuweka akiba ya shilingi hamsini kila wiki anunue televisheni ya rangi, kwa sababu Idarus hajawahi kuiona CHAANI ikivaa jezi yake. Kuhusu kadhi, anasema hajui ya mwakani; anajua ya leo. Na kaseti haitarudi sandukuni. Itakaa katika kopo la biskuti lenye mchele mkavu, kabatini, mbali na chetezo.

"Nguo fukiza, mama. Hii iache ninuse mimi."

Bi Mwanatumu anacheka kwa mara ya kwanza siku nzima. Amekwisha kuleta makaa, kwani jioni ya leo nayo ni Alhamisi. Anaketi tena mkekani. Mbele yao kuna pedi mbili, vile vidude vya vibonyezo vya kushikwa kwa mikono miwili. Salme ameipakata yake, ya pili. Mama anaitazama ile nyingine iliyolala peke yake, anainyanyua kwa uangalifu, anaigeuza huku na huku.

"Hiki mwanangu alikuwa akikishika vipi?"

Salme anamwelekeza vidole, kimoja baada ya kingine, hadi vinakaa mahali pake.

"Na sasa?"

"Sasa kishike tu, mama," anasema Salme. "Usibonyeze."